Mama si Mzigo wa Buti: Acheni Kuwakimbiza Wazee Nchi Saba kwa Siku Kumi



Mada ya leo itawauma baadhi yenu na tunajua. Sisi ni washoni. Tunakaa na cherahani, tunapima watu, na mtu akipimwa husema. Kwa muda sasa tunapokea oda ya aina moja: binti anakuja na mama yake, au na mama mkwe, anataka abaya saba za rangi mbalimbali. Ukiuliza za nini, anakujibu kwa raha zote kwamba wanawapeleka wazee Ulaya kwa gari, nchi saba kwa siku kumi, na kila nchi ina rangi yake ili picha zipendeze. Mama mwenyewe yuko kwenye kiti pembeni, anasugua goti.

Tunasema wazi: safari hiyo si wema kwa mzazi. Ni safari ya mtoto, mzazi ametiwa ndani kama pambo. Na kwa kuwa kila mtu anaogopa kusema, kwani nani atamwambia mtu usimtembeze mama yako, tutasema sisi.

Tuanze na ramani, kwa sababu wengi hawaitazami. Ratiba inayopendwa sana ni hii: Paris, Brussels, Amsterdam, Cologne, Zürich, Milan, kisha kurudi Paris. Hizo ni nchi sita. Ili zitimie saba wanapenyeza Liechtenstein, kijinchi kilicho baina ya Uswisi na Austria, wanashuka kwa nusu saa, wanapiga picha, wanapanda tena. Jumla ya mzunguko huo inapita kilomita 2,500. Kisiwa chetu cha Unguja kina urefu wa kama kilomita 85 tu. Basi chukua mama yako, yule ambaye akienda harusini Makunduchi akirudi analala siku mbili, umpitishe urefu wa Unguja karibu mara thelathini ndani ya siku kumi. Halafu umwite mtalii.

Na hizo ni kilomita za kwenye karatasi. Hazina foleni. Ukitoka Uswisi kwenda Italia unapita tuneli la Gotthard, karibu kilomita 17 chini ya mlima, na foleni za kiangazi pale mlangoni ni mashuhuri Ulaya nzima. Mzee mwenye presha, kibofu kisichosubiri, na vidonge vya kupunguza maji mwilini, amekaa kiti cha nyuma, katikati, kwa sababu yeye ndiye mwembamba.

Sheria za Umoja wa Ulaya zinamlazimisha dereva wa lori apumzike dakika 45 kila anapoendesha masaa manne na nusu. Lori lenyewe pengine limebeba matofali. Yule mtu mzima wa kulipwa, mwenye misuli, serikali zimekaa zikaona hawezi kwenda zaidi ya hapo bila kupumzishwa. Bibi wa miaka 74 kwenye kiti cha nyuma hana sheria ya kumtetea. Ana nyinyi tu. Na nyinyi mnamwambia "kaza kidogo mama, tumekaribia."

Daktari yeyote atakwambieni kwamba kukaa masaa mengi bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu, na mtu mzima yuko hatarini zaidi. Sisi vifundo vya miguu vya wazee tunaviona tukipima urefu wa suruali. Ukibonyeza kwa kidole, alama inabaki. Mguu wa namna hiyo unataka kushuka kila baada ya saa moja au moja na nusu, utembee kidogo, unywe maji. Ukiheshimu hilo, zile nchi saba haziwezekani.

Tuje kwenye sala, maana hapa ndipo tunapokasirika hasa.

Watu wanapanga safari Juni na Julai kwa sababu ndipo watoto wamefunga skuli. Mwezi wa Juni, Amsterdam, jua linazama baada ya saa nne usiku. Magharibi saa nne! Isha kwa kalenda nyingi za misikiti ya huko inavuka saa sita, na Alfajiri inaingia usiku huohuo, watu hawajalala sawasawa. Mama yako huku nyumbani saa mbili usiku keshaswali Isha na keshapanda kitandani. Kule atakesha mpaka baada ya saa sita, aamke tena baada ya masaa machache, na saa kumi na mbili asubuhi wewe unamgongea mlango kwamba tunachelewa barabara. Siku tatu za hivyo zinatosha kumlaza mzee kitandani, na hapo hatujataja sukari.

Dini imeweka wepesi kwa msafiri. Kupunguza na kukusanya sala si aibu, ni ruhusa, na wazee wengi wanaona haya kuitumia mpaka wasikie kwa mtu wanayemwamini. Basi mpeleke mama kwa sheikh wake kabla ya safari, asikie kwa masikio yake. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya msafiri inaondoka. Hilo ni jambo la kupangia ratiba, mjue mapema mko wapi mnapunguza na wapi mnatimiza.

Na udhu. Jamani, udhu! Mmewahi kufikiria mama wa goti bovu anainuaje mguu kwenye sinki la kituo cha mafuta, sakafu imelowa, watu wamejipanga nyuma yake wanamtazama? Kuna khufu, soksi za ngozi ambazo akizivaa akiwa na udhu anapangusa juu yake tu. Msafiri siku tatu na usiku wake, asiyekuwa msafiri siku moja. Wazee wetu wengi hawajawahi kuzivaa kwa sababu huku joto hatuzihitaji. Nunueni, mzoezeeni nyumbani wiki mbili kabla. Na kopo. Vyoo vya huko vina karatasi tupu, na vingi vya barabara kuu ni vya kulipia kwa sarafu. Chupa laini ya maji ya kubonyeza iwe kwenye mkoba wa mama mwenyewe, asiwe anakuomba mbele ya mkwewe. Heshima ya mtu mzima iko kwenye vitu vidogo hivi, na hakuna ratiba ya nchi saba hata moja tuliyoiona imeandika neno choo.

Mteja wetu mmoja mama yake alirudi kutoka safari kama hiyo. Tukamuuliza kwa furaha, bi mkubwa, umeona nini huko Ulaya? Akatujibu: "Nimeona mgongo wa kiti." Akanyamaza. Bintiye akacheka. Sisi hatukucheka.

Sasa jambo ambalo wanawake hatulisemi kwa sauti: nani anabeba kazi ya safari hii? Mwanamme anashika usukani, akifika anasifiwa kwamba kawatembeza wazee. Anayempeleka mama chooni ni nani? Anayefua, anayekagua kila pakiti ya biskuti kama ina mafuta ya nguruwe, anayechemsha uji kwenye chumba cha hoteli kwa birika la umeme, anayekumbuka kidonge cha asubuhi na cha jioni? Ni binti, au mke wa mtoto. Na siku hizi pameingia mtindo wa kumtia mtihani bibi harusi: ndoa haina miezi mitatu, wanamwambia fungate lako litakuwa pamoja na wakwe, kwa gari, nchi saba, uonekane mkwe mwema. Kuishi vizuri na mama wa mume ni jambo tukufu na tunaliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini msiwaweke watu wawili ambao bado wanatafutana maneno ndani ya gari dogo masaa manane kwa siku, kisha mkategemea mapenzi yaote hapo. Fungate liwe fungate. Safari ya wazee iwe na wakati wake, na mume ajue kwamba mama ni wake kwanza. Ampeleke baba yake chooni yeye, aamke yeye kutazama sukari ya mama yake.

Upande wa pili wapo wanaosema wazee wakae nyumbani, wataenda Umra inatosha, Ulaya wanafuata nini. Nao hawa hatukubaliani nao. Mama aliyekulea kwa kuuza maandazi ana haki ya kuona theluji kwa mbali akitaka, ana haki ya kukaa kwenye bustani akala aiskrimu na kuwacheka watu wanaotembea na mbwa waliovaa makoti. Ana mtoto Uingereza au Denmark ambaye hajauona mlango wake. Kumnyima safari kwa sababu ni mzee ni ubakhili tu. Sisi hoja yetu ni kipimo. Nguo inakatwa kwa mwili wa atakayeivaa, na safari hii tunaona imekatwa kwa mwili wa kijana wa miaka 28 kisha akavishwa bibi.

Basi ikatwe vipi? Nchi moja, zikizidi mbili. Nyumba moja ya kukodi yenye jiko, chini au yenye lifti, mkae siku nne au tano, muwe mnatoka siku moja na kupumzika siku moja. Gari kwa siku lisizidi masaa matatu, na mama akae mbele. Msikodi gari la chini la kimichezo. Mtafute lenye kiti cha juu, mtu aingie bila kukunjika. Anayetoka kisiwani kuja kuendesha kule akumbuke wao wanapita kulia, gari za gia za mkono ni nyingi na za otomatiki bei yake iko juu, na makampuni mengi yatataka leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani. Kuna vibandiko vya kulipia barabara Uswisi na Austria, kuna katikati ya miji ya Italia ambako ukiingia bila ruhusa faini inakufuata nyumbani miezi baadaye. Kila nchi unayoongeza inaongeza masharti yake, na dereva mwenye mawazo kumi hamsikii mama anaposema anaona kizunguzungu.

Tukiulizwa wapi, sisi tungewapeleka kusini mwa Hispania, mwisho wa Septemba au Oktoba. Si Julai, Julai na Agosti Cordoba na Sevilla joto linapita nyuzi 40. Mwisho wa Septemba jua linazama kama saa mbili usiku, Isha inaingia mtu bado ana nguvu. Unashukia Malaga, Granada iko kama kilomita 130, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Pale kuna Alhambra, kasri la Waislamu wa Andalusia, ambapo mama yako atasoma maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa ukutani bila kuhitaji mtu wa kumfasiria herufi. Hebu fikirini hilo. Mwanamke aliyesoma chuoni tu, aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hakusoma, anasimama Ulaya na yeye ndiye anayesoma ukuta, watalii wenye shahada wanatazama nakshi.

Tiketi za Alhambra zinauzwa kwa jina la mtu na zinakwisha mapema, kwa hiyo zikatwe kabla. Eneo ni kubwa, kuna kupanda na kushuka. Msilimalize lote. Ng'ambo ya bonde, kwenye mtaa wa Albaicín, upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 na bustani yake inatazamana na Alhambra. Mtaa ni wa mlima na mawe, pandeni basi dogo au teksi, msimpandishe mzee kwa miguu. Aswali hapo, akae, atazame. Siku hiyo imekwisha, msiongeze kitu.

Cordoba iko kama kilomita 200 kutoka Granada. Nendeni, lakini mwambieni mzee mapema, tena kwa upole: ule msikiti mkubwa wenye matao mekundu na meupe ni kanisa kuu la Kikatoliki tangu karne ya 13, na Waislamu hawaruhusiwi kuswali ndani. Kuna watu wanawaficha wazazi habari hii wasiwahuzunishe. Kisha baba anaingia, anaona mihrabu, anavua viatu, anakuja mlinzi anamzuia mbele ya watu. Huzuni ya kuambiwa sebuleni kwako ni ndogo kuliko aibu ya kuinuliwa pale. Akishajua, ataingia na dua yake moyoni na hakuna wa kumgusa.

Mkitaka lazima nchi ya pili, kutoka Sevilla mpaka Faro, kusini mwa Ureno, ni kama masaa mawili, mpakani hamshuki wala hamsimami. Na aliye na ndugu upande wa Ujerumani au Austria afikirie Bosnia: Sarajevo mama ataamka kwa adhana, nyama halali iko kila kona hauulizi, na msikiti wa Gazi Husrev-beg uko pale tangu karne ya 16. Mostar iko kama kilomita 130, na daraja lake la mawe lilivunjwa vitani mwaka 1993, likajengwa upya na kufunguliwa 2004. Wazee wanapenda mahali penye hadithi ya watu waliopata msiba wakasimama tena, wataizungumza miaka. Lakini Bosnia haimo Schengen, na hapo tuseme habari za viza kwa sababu ndipo wanapovuna wajanja.

Viza ya Schengen inaombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, nchi mtakayoingia kwanza. Anayekuuzia "viza rahisi" ya nchi ambayo hamtalala hata usiku mmoja anawatia wazazi wako katika uongo mbele ya ofisa wa mpaka. Mtu mzima hajawahi kudanganya serikali, utamfanya aanze na miaka 70? Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima ifunike angalau yuro 30,000, na kwa mzee someni masharti neno kwa neno, kwani zipo bima zinazokataa ugonjwa aliokuwa nao tangu nyumbani, yaani sukari na presha, yaani kila kitu. Viza ya Uingereza haimuingizi mtu Ufaransa, na viza ya Schengen kwa kawaida huombwa katika nchi unayoishi. Basi msimlete mama London mkidhani mtamtafutia ya pili akishafika. Na mkipanga kutoka nje ya Schengen kisha kurudi, mfano kuvuka bahari kutoka Hispania kwenda Tangier, ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, ama sivyo mama atabaki ng'ambo na sanduku liko Malaga.

Alama za vidole nazo ni safari. Ni boti kwenda Dar es Salaam, foleni, na vidole vya bibi aliyesokota kamba za makumbi na kufua kwa mkono vinaweza kukataa kusoma kwenye mashine mara ya kwanza na ya pili. Mpeni muda. Mpakeni mafuta mikono siku kadhaa kabla. Msimgombeze pale. Mola ametukataza hata kuwaguna wazazi, na tumewasikia watu wakiguna kwenye foleni za viza na kwenye boti la kurudi.

Tunajua mtakavyotujibu. "Mama mwenyewe ndiye aliyetaka nchi nyingi." Mama ametaka kwa sababu amekuona umefurahi. Mzazi wa kwetu ukimuuliza "utaweza?" atasema ataweza hata kama anakufa, hataki kuwa mzigo. Usimuulize hivyo. Muulize akitaka kuona kitu kimoja tu ni kipi, na anyamaze siku mbili kabla ya kukujibu. Wengine husema nauli ni kubwa, tukishafika heri tuone zote. Nauli imelipwa kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya mama, thamani yake ni zile saa ambazo mama alikuwa na raha. Zihesabuni hizo badala ya bendera.

Kwa watakaosikia, yapo machache ya kukamilisha. Kiti cha magurudumu uwanja wa ndege mkiombe shirika la ndege angalau masaa 48 kabla. Kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya huduma hiyo ni bure kwa sheria, na si dalili ya ulemavu wala ya umaskini, mwambieni baba aache kiburi. Sindano za sukari zikae mkobani pamoja na barua ya daktari, zisiwekwe kwenye buti la gari likichemka juani. Na maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, hayapokelewi zikibaki chini ya siku 15. Anayetaka kwenda Septemba, mazungumzo na mama yaanze Machi, kabla hamjaja kwetu kuchukua vipimo.